Unga wa Wimbi Ndani ya Rejeta

Vijana wa gereji, mliponiaga mlinipa saa ya ukutani na mkanisomea hotuba ndefu ya kunisifu. Asanteni kwa saa, ingawa inachelewa. Ile hotuba ndiyo iliyonikosesha raha. Mlisema Fundi Makori hajawahi kurudishiwa gari hata siku moja. Nani aliwaambia uongo huo? Nilirudishiwa gari, na siku liliporudi lilikuwa limevutwa kwa kamba, na mtoto alikuwa amekufa. Kwa hiyo nimeamua kuandika mwenyewe mambo ya miaka yangu ya kwanza, na hasa habari ya Land Rover ya zahanati na dereva wake, Nyandika, mtu aliyepoteza kazi na jina kwa sababu yangu. Vyeo na mishahara sitaviandika. Havimsaidii mtu aliyesimama mbele ya injini inayochemka.

Niliingia kazini mwaka mmoja kabla ya Uhuru. Gereji yenyewe ilikuwa chini ya soko la Kisii, mabati machache juu ya nguzo za mkaratusi, na mwenyewe alikuwa Kalasinga tuliyemwita Bwana Mohinder. Nilikuja na shati jeupe la shule, nimelipiga pasi, maana nilikuwa nimemaliza darasa la nane na nilidhani mtu wa darasa la nane hachafuki. Mtu mmoja aliyekuwa amelala chini ya lori alitoa kichwa, akanitazama kuanzia viatu kwenda juu.

"Omera, umekuja harusi ya nani?"

Huyo ndiye Fundi Odera, Mjaluo wa Kendu, mkubwa wa mafundi pale; omera kwao ni ndugu. Kigusii hakukijua na mimi Kijaluo sikukijua, basi tukalelewa na Kiswahili, yeye akikivunja upande wake na mimi upande wangu. Mkono wake wa kulia, kuanzia kiwiko hadi kiganja, ngozi ilikuwa laini na yenye kung'aa, haina hata unyoya. Alikuwa amefungua kifuniko cha rejeta ya moto kwa haraka akiwa kijana. Kila mtu mpya aliyefika alionyeshwa mkono huo kabla ya kuonyeshwa choo kilipo.

Kazi ya kwanza aliyonipa ilikuwa kupapasa. Gari lilikuwa limechemka, akaacha injini ikanguruma kidogo halafu akaizima, akaniambia nipitishe kiganja polepole juu ya rejeta, kutoka kushoto kwenda kulia, kutoka juu kwenda chini. Nikapapasa, nikamwambia ni moto. "Najua ni moto, hata kipofu anajua ni moto. Wapi ni baridi?" Nikarudia. Chini upande wa kulia kulikuwa na sehemu ya upana wa vidole vinne iliyokuwa baridi kabisa. Akaniambia hapo ndipo maji hayapiti, vijia vimeziba, na kwamba rejeta nzima ikiwa moto ni afadhali kuliko yenye kipande baridi. Nilikwenda nyumbani nikiwa na malengelenge vidoleni na shati limekwisha.

Alikuwa na utaratibu wake na hakuuruka hata kwa gari la mkuu wa wilaya. Kwanza asubuhi, injini ikiwa baridi, fungua kifuniko uangalie maji. Yakiwa mekundu ni kutu. Yakiwa na utando wa mafuta, au yakitoa povu injini inaponguruma, basi gasketi ya silinda imepasuka na usihangaike na rejeta. Halafu bonyeza mkanda wa feni kwa kidole gumba. Ukizama zaidi ya nusu inchi umelegea, feni inazunguka kwa uvivu na pampu ya maji pia. Halafu kamua mipira ya maji, wa juu na wa chini, uone kama imelainika kwa ndani. Halafu thamostati, kile kilango cha maji ya injini, unaichemsha kwenye sufuria na unaitazama inavyofunguka. Mwisho kabisa ndiyo unamuuliza dereva. "Dereva ukimuuliza mwanzo," alisema, "anakujaza kichwa, unaanza kutafuta maneno yake badala ya kutafuta ugonjwa."

Sasa hivi naona ninyi gari likichemka mnatoa thamostati mnaitupa kwenye majani na mnasema limepona. Haya. Baridi ya asubuhi ya Kisii mnaijua, injini inatembea maili tatu haijapata joto, inakula petroli na kujiua polepole, na mwenye gari anawashukuru. Odera angewatandika kwa mkanda wa feni.

Alipenda kunichokoza. Sufuria ya thamostati ilipoanza kutokota aliniambia maji ya milimani kwetu yanachemka haraka kuliko ya ziwani kwao, sawa na watu wake. Nikacheka, nikidhani ni masihara ya Wajaluo. Kumbe kuhusu maji alikuwa anasema kweli. Ukiwa juu, maji huchemka kabla hayajafikia joto la maji ya chini, na kwa hiyo gari lililotulia Kisumu linaweza kufuka mvuke likifika Keroka. Kuhusu watu pia pengine alisema kweli, maana mimi kosa langu lilitokana na haraka.

Kabla ya hilo kosa niruhusuni niandike lori moja tu, kwa sababu lilinipa kichwa kikubwa. Lilikuwa linabeba mawe ya Tabaka, yale laini ya kuchonga, na lilikuwa linachemka kila lilipopanda kuja mjini. Mafundi wawili wa kwingine walikuwa wamelishindwa. Walishabadilisha pampu, walishafungua silinda. Odera alinisukuma mbele, akasema, "Shika wewe." Maji safi. Mkanda umekaza. Mipira mizima. Nikapapasa rejeta, moto kila mahali. Nikachuchumaa mbele ya lori nikatazama kupitia matundu ya rejeta kutafuta mwanga wa upande wa pili, nikaona giza. Vumbi la mawe ya Tabaka lilikuwa limeingia katikati ya yale mapezi membamba, mvua ikalilowesha, jua likalikausha, na sasa ulikuwa ukuta. Upepo haukupita hata kidogo. Tulilisafisha kwa maji na brashi ya kufulia, kutoka nyuma kwenda mbele, vumbi likaondoka na lori likapona. Dereva alitangaza jina langu mpaka machimboni. Nilitembea wiki nzima nikiwa nimetunisha kifua, na kuanzia hapo nikaanza kujiona fundi.

Ndipo Fundi Odera akaitwa nyumbani Kendu kumzika kaka yake. Alisema atakaa wiki mbili. Aliniachia ufunguo wa sanduku la spana na onyo moja, kwamba nisilehemu rejeta peke yangu, kwa sababu mkono wangu ulikuwa bado unachoma shaba. Siku ya nne akaja Nyandika.

Nyandika alikuwa dereva wa zahanati moja ya kanisa iliyokuwa mbele ya Keroka, upande wa Nyamira. Alikuwa mtu mzima wa miaka hamsini hivi, shemasi wa Wasabato, mtu wa maneno machache. Pombe haijui, tumbaku haijui, hata chai ya rangi aliiangalia kwa wasiwasi. Land Rover ile aliiosha kila Ijumaa kabla ya jua kuzama. Ilikuwa inavuja maji chini ya rejeta, tone moja, kisha tone jingine, pale tangi la chini lilipoungana na vijia.

Nikamwambia ukweli, kwamba dawa yake ni kuishusha rejeta na kuilehemu, na mlehemu yuko Kendu.

"Mpaka lini?"

"Siku kumi, mzee."

Akatikisa kichwa. "Siwezi kuliacha siku kumi, kijana wangu. Kuna akina mama wanasubiri kule. Nikiliacha hapa, nani atawaleta hospitali?" Halafu akasema neno ambalo mpaka leo silisahau, akasema, "Nimesikia wewe ndiye uliyeponya lori la Tabaka."

Jameni, sifa! Nikamwambia aende sokoni kidogo, akirudi atakuta tayari. Alipopotea nyuma ya vibanda nikavuka barabara mpaka kwa mama mmoja aliyekuwa anauza unga wa wimbi, yaani ulezi, nikachota konzi moja kwenye karatasi. Hiyo ilikuwa hila ya madereva wa malori ya barabara ya Sotik. Unatia unga kidogo ndani ya rejeta, injini inanguruma, maji yanapata moto, unga unavimba na kwenda kuziba tundu kwa ndani. Kwingine nasikia walitumia unga wa mahindi au ute wa yai. Kwetu wimbi ndio ulioaminika, kwa sababu unashika. Kila Mgusii aliyewahi kuosha chungu cha ugali wa wimbi anajua unavyoshika. Odera alikuwa ameikataza hila hiyo kwa ukali. Alisema, "Rejeta si chungu cha mama yako." Lakini Odera alikuwa Kendu.

Nikatia. Tone likaendelea. Nikavuka tena nikaleta konzi ya pili, na nyingine juu yake. Tone likakoma. Nikapangusa mdomo wa rejeta, nikakunja karatasi nikaitupa, na Nyandika aliporudi nikamwonyesha chini pakiwa pakavu.

"Limepona?"

"Limepona, mzee."

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Sikumwambia nimeweka nini. Si kwamba nilikuwa nataka kumdanganya. Nilitaka tu aone ni ufundi, asione ni unga.

Siku ya tisa baadaye ilikuja ile kamba. Nyandika alikuwa ametoka zahanati asubuhi akiwa na mkunga na mwanamke mmoja kijana, jina lake Kemunto, aliyekuwa anashindwa kujifungua mtoto wake wa kwanza. Walipofika kwenye mlima kabla ya Keumbu injini ikachemka, mvuke ukafunika kioo, gari likazima. Nyandika alijaribu yote. Alifunga gunia kwenye mkono akafungua kifuniko, na kilichomrukia kilikuwa kizito, kikamlowesha shati kifuani. Alijaza maji ya kijito, maji yakakataa kuteremka. Watu wa soko la Keumbu walikimbia kuja kusukuma. Lori la majani ya chai lilipopatikana, Kemunto alikuwa ameshajifungua mle ndani ya Land Rover, na mtoto hakulia. Mama alipelekwa hospitali akapona. Mtoto hakupona.

Mkunga alisema pengine mtoto asingeishi hata kama wangefika. Pengine. Nimelishika neno hilo miaka mingi, na halijawahi kunibeba.

Odera alirudi kesho yake. Tukafungua koki ya chini ya rejeta, hakikutoka kitu. Tukachomoa mpira wa chini, na kikaanza kuteremka kitu cha rangi ya kahawia, kizito, kilichoiva. Odera akakigusa kwa kidole, akakinusa.

"Makori, hii ni nini?"

"Kutu, fundi."

Akakipangusa kidole kwenye suruali. "Kutu," akasema. Kisha akaenda kwenye sanduku, akaleta waya mwembamba wa chuma, akanipa. "Basi zibua kutu." Nilikaa siku tatu nikizibua vijia kimoja kimoja, na harufu ya uji ikinijaa puani mpaka nikawa siwezi kula.

Siku ya pili ya kuzibua ndiyo Nyandika alipokuja kwa miguu. Alikuwa amekonda. Kamati ya zahanati ilikuwa imemsimamisha, na ingekaa Jumapili kumhukumu. Walimwuliza ilikuwaje, naye, kwa kuwa hajui kusema uongo, akawaambia kwamba gari lilipochemka lilitoa harufu ya wimbi. Wengine walicheka. Halafu hawakucheka tena, kwa sababu karani mmoja wa hospitali alishasema kwamba dereva aliyefika pale alikuwa ananuka wimbi kifuani, wimbi uliochacha. Na kwetu, wimbi uliochacha ni pombe. Mwenyekiti alimwambia hajawahi kusikia gari linalokunywa.

"Nataka karatasi tu," Nyandika alituambia. "Andikeni gari lilikuwa na ugonjwa gani. Nikawaonyeshe."

Fundi Odera hakujua kusoma wala kuandika. Kadi zote za kazi niliziandika mimi, naye akaweka alama ya kidole chini. Nilikaa na kalamu. Nilijua nikiandika wimbi, nimejiandika mwenyewe, na mtoto wa watu yuko hapo kwenye karatasi pamoja nami. Niliogopa. Niliona polisi, niliona jela, nilimwona mama yangu akiambiwa. Nikaandika maneno matatu: Injini ilikosa maji. Odera akaweka kidole.

Nyandika aliisoma akiwa amesimama. "Lakini nilijaza asubuhi ile," akasema. "Mkunga aliniona nikijaza."

"Ndivyo tulivyoikuta, mzee."

Alikunja karatasi vizuri akaiweka mfukoni, akatushukuru. Alitushukuru! Jumapili ile kamati ikamfukuza, kwa ulevi na kwa kutoangalia maji, na Sabato iliyofuata kanisa lake likamwondoa kwenye ushemasi.

Habari hizo zilitufikia Jumatatu baada ya Sabato hiyo. Odera alikuwa anakunywa chai. Akaweka kikombe chini.

"Nisomee ulichomwandikia yule mzee. Nakala unayo."

Nikasoma. Ilikuwa fupi, haikuchukua muda.

"Maji yalikuwepo?" akauliza.

"Yalikuwepo."

"Na wimbi aliweka nani?"

Nikasema ni mimi. Nililia pale mbele yake, mtu mzima wa miaka ishirini na mitatu. Hakunibembeleza wala hakunipiga. Alisema yeye alijua tangu alipokinusa, na alikuwa ananingoja niseme mwenyewe, na kwamba kungoja kwake kumemfukuzisha mtu kazi, kwa hiyo kosa sasa ni la wawili. "Kidole changu kiko hapo chini ya uongo," alisema. "Vaa shati safi. Tunakwenda."

Tulikwenda kwanza kwa Bwana Mohinder, ambaye alipiga kelele kwa Kipunjabi, kisha kwa Kiswahili, kisha akakaa. Alininyang'anya spana kwa mwaka mzima nikawa mtu wa kufagia, na sikumlaumu. Halafu tukapanda basi mpaka kwenye zahanati. Nilisimama mbele ya kamati ile ya watu saba nikasema niliweka nini, konzi ngapi, na kwa nini shati la mzee lilinuka. Nyandika alikuwa ameitwa, alikuwa amekaa karibu na mlango, kofia magotini. Hakuna aliyeniitia polisi. Mwenyekiti aliona aibu kuliko mimi. Funguo zilirudishwa mkononi mwa Nyandika siku ileile, na ushemasi ukarudi baada ya miezi kadhaa, ingawa kuna pua zilizoendelea kumnusa.

Nilidhani imekwisha. Tulipotoka nje Nyandika alinifuata. Nilidhani anataka kunisamehe au kunitukana, na nilikuwa tayari kwa yote mawili.

"Mimi umenirudishia yangu," alisema. "Kwa yule mama umeenda?"

"Bado, mzee."

"Nenda."

Sikwenda. Nilijiambia atakuwa bado ana uchungu, nisimtoneshe. Halafu nikajiambia atakuwa ameshapata mwingine, nisimkumbushe. Nyandika alileta Land Rover yake kila miezi mitatu, na kila mara alitaka nishike mimi, hata wakati nilikuwa bado wa ufagio alimwomba Bwana Mohinder aniruhusu. Alisema mafundi wengine wanaweza kuweka wimbi, Makori hawezi tena. Alikaa kwenye kigoda karibu na boneti nikifanya kazi, na nilipomaliza, akiwa anapanda, aliuliza swali moja tu.

"Umeenda?"

"Bado, mzee."

Akawasha gari akaondoka. Hivyo ndivyo tulivyozeeshana. Fundi Odera alistaafu akarudi Kendu, akaniachia waya ule wa kuzibulia. Bwana Mohinder aliuza gereji akaenda zake. Mimi nikawa mkubwa wa mafundi, nikaoa, nikapata watoto, na wa kwanza alipozaliwa nilishindwa kumshika mpaka alipolia.

Mwaka wa saba Nyandika alikuja na gari kwa mara ya mwisho. Zahanati ilikuwa imepata dereva mwingine, naye alikuwa anarudi kwenye shamba lake. Nilifanya yote, maji, mkanda, mipira, nikapapasa rejeta mpaka kona ya mwisho. Akanishika mkono kwa mikono miwili, akapanda, akawasha. Nikangoja swali. Hakuniuliza. Alitazama barabara tu akaondoa gari, nami nikabaki nimesimama pale na jibu langu mdomoni, na sijawahi kujisikia duni kama siku ile.

Kesho yake nilichukua pickup ya gereji nikaenda kumtafuta Kemunto. Kule alikokuwa ameolewa, mbele ya Keroka, kijana mmoja njiani aliniambia hayuko, yuko kwa kaka yake karibu na Itumbe. Nikazunguka mpaka Itumbe. Nilimkuta kwenye chai, kikapu mgongoni, anachuma. Nikamsalimia kwa Kigusii, nikamwambia naitwa Makori, fundi wa magari kutoka mjini.

"Hapa hatuna gari," akasema, wala hakuacha kuchuma.

Nikamwambia. Nilimwambia yote, kuanzia tone mpaka karatasi, na kamati, na miaka saba. Katikati mikono yake iliacha kuchuma. Nilipomaliza nilimwomba msamaha, na maneno yenyewe niliyasikia yalivyokuwa madogo.

"Walimwita Nyandika kwenye kikao wakamrudishia jina lake," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Na kikao changu mimi kilikuwa lini?"

Sikumwelewa, na nikamwambia hivyo. Basi akanieleza taratibu, kama mtu anayemweleza mgeni njia. Kwa mume wake walisema mtoto alikufa kwa sababu yake. Mama mkwe alisema alichelewa kusema uchungu umeanza. Wengine walisema ana mkosi, ndiyo maana hata gari lilikataa kumbeba. Gari zima, dereva wa kanisa, mlima ule ule linaopanda kila siku, kwa nini lizime akiwa ndani yeye? Mwaka haukwisha wakamrudisha kwao. Mume alioa mwingine. Kule hakuna aliyewahi kuambiwa habari ya wimbi, kwa kuwa kamati ilikuwa ya zahanati, na mambo ya zahanati yaliishia zahanati.

Ndipo nilipofahamu kwa nini yule mzee aliniuliza kila miezi mitatu. Alijua. Na hakutaka kunibebea mzigo wangu.

Kemunto alishusha kikapu akakiweka chini ya mstari wa chai. Alifunga kitambaa chake upya. "Una gari?" akauliza. "Basi twende ukawaambie."

Alikaa mbele pamoja nami. Tulipanda mlima wa Keumbu. Nilitazama geji ya joto kwa sababu sikuweza kutazama pengine popote.

Bomani kwa mume wake tulimkuta mama mkwe, ameshazeeka, anaanua mahindi, na yule mke wa pili na watoto watatu, na mume mwenyewe akaitwa kutoka shambani. Kemunto alikataa kiti. Alikataa hata kuingia, alisimama langoni. Nilisimama katikati ya ua nikasema kwa Kigusii cha kila mtu kuelewa kwamba gari halikumkataa huyu mwanamke, gari lilikataa kwa sababu mimi nililitia unga, na kwamba nilinyamaza miaka saba. Mume aliinamisha kichwa. Mama mkwe aliniuliza nirudie, akidhani hajasikia. Nikarudia. Akaketi chini pale pale kwenye mahindi.

"Mwambieni aingie," akasema, akinyoosha mkono kuelekea langoni. "Kemunto, mwanangu, ingia."

Kemunto alimtazama. "Nilitaka mjue tu," akasema.

Akageuka akaanza kuteremka kwenda barabarani. Nilimkimbilia nikamwambia gari liko hapa, nitamrudisha mpaka Itumbe. Alisema atapanda la mtu mwingine.